Tarehe Mbili Ndani ya Saa

11 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta magoti yametulia na paa la jikoni limezibwa. Mimi ni mzima. Meza yangu bado iko pale pale chini ya ngazi, kati ya mwenye mashine ya kunakili karatasi na mshona viatu, ambaye anaimba wimbo mmoja tangu asubuhi mpaka jioni na hajaumaliza hata siku moja. Saa ya ukutani ya marehemu baba, uliyonitumia kwa basi, imefika na kioo chake kizima. Nitaitazama nikipata nafasi.

Mama Kasuku anakusalimu kutoka huko aliko. Bado anauguza wazee kwenye kile kituo, na sasa wamempa zamu za mchana. Kasuku ametimiza miaka minne. Juzi aliniuliza kwenye simu, "Baba, wewe unaishi humu ndani ya simu?" Nilicheka. Aliondoka hapa akiwa na miaka miwili.

Kwa hiyo naomba viza niwafuate. Mtu anayenisaidia kujaza fomu tunamwita Daktari wa Fomu. Aliniambia, "Fundi saa chini ya ngazi? Ndugu yangu, huko ni kuomba ukataliwe. Ngoja nikupe cheo." Ameniandikia barua inayosema kwamba mimi ni msimamizi wa ufundi katika kampuni ya saa yenye wafanyakazi arobaini. Mihuri yake inang'aa kuliko ya serikali.

Nakutumia nakala ya kila kitu, kwa sababu wewe ulikaa miaka thelathini na mmoja katika masjala ya ofisi ya vizazi na vifo, na jicho lako si la kawaida. Lipo pia swali moja: "Taja ndugu wote wa mama mmoja, walio hai na waliofariki." Nimeandika "Hakuna." Nimekosea?

Mwanao,
Punje


2 Februari

Mwanangu Punje,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Paa limezibwa na fundi aliyeziba tundu moja akafungua mawili. Kesho anarudi, na safari hii nitasimama chini ya ngazi yake mpaka amalize.

Usinipigie simu kuhusu mambo haya. Maneno ya simu hayana faili.

Nakala zako nimezisoma mara tatu, mstari kwa mstari, nikiwa na rula. Nina maswali, na nauliza kwa sababu nataka kujua. Kampuni hii yenye wafanyakazi arobaini iko mtaa gani? Namba ya simu iliyoandikwa juu ya barua nilimpa jirani aipige. Ilipokelewa na mama anayeuza kuku. Alikuwa mpole sana. Alisema kwamba watu wawili wamekwisha kumpigia wiki hii kumuuliza habari za saa, na mmoja alimuuliza habari za kiwanda cha sabuni. Basi Daktari wako ana wagonjwa wengi, na wote amewapa dawa moja.

Jambo la pili. Barua hii ina mihuri mitatu. Katika miaka yangu yote ya kazi, barua ya kweli ilikuja na muhuri mmoja, tena umepinda. Mtu mkweli hupiga muhuri huku anawaza chakula cha mchana. Mwongo ndiye anayeunyoosha.

Jambo la tatu ndilo kubwa. Mwombaji akikataliwa kwa sababu amekosa karatasi, huitafuta karatasi hiyo akarudi nayo. Akikataliwa kwa sababu ameleta karatasi ya uongo, hata zile za kweli hazisomwi tena. Jina lake huingia katika faili lisilofungwa. Mkeo anafanya kazi halali katika nchi hiyo, na karatasi zako zitamgusa na yeye. Tena nikuulize, fundi saa anaona haya gani kuitwa fundi saa?

Iondoe barua hiyo kabla hujapeleka lolote.

Kuhusu saa ya baba yako: haina ugonjwa mkubwa. Itie mafuta kwa nje uirudishe. Usijisumbue kuifungua.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa fundi wa paa. Huku kuna joto, na mshona viatu amebadilisha wimbo; sasa tunautamani ule wa zamani.

Habari ya yule mama wa kuku imenifanya nicheke, kisha ikaniondolea usingizi. Barua bado iko kwenye faili, sikufichi. Daktari wa Fomu anasema kwamba bila barua hiyo mimi ni mtu wa ngazini tu. Nipe muda.

Lakini, Shangazi, saa hutiwa mafuta ndani. Kwa nje hupanguswa vumbi. Wewe umeishi na kaka yako fundi saa miaka yote hiyo, unalijua jambo hili kuliko mimi. Kwa hiyo nimeifungua.

Unajua desturi yetu mafundi. Kila fundi anapofungua saa, huchora tarehe kwa sindano upande wa ndani wa mfuniko, pamoja na alama yake, ili fundi wa baadaye ajue nani alipita na lini. Alama ya baba ilikuwa ufunguo mdogo. Nimezikuta tarehe saba zenye ufunguo, na zote ni za matengenezo. Chini kabisa, pembeni, nimezikuta tarehe mbili zisizo na ufunguo. Ya kwanza ni 4 Machi ya mwaka niliozaliwa, nayo imepitishwa mstari mwembamba. Ya pili ni 19 Juni, miaka miwili na miezi mitatu baadaye. Hiyo haina mstari.

Ya Machi naielewa, ndiyo iliyo kwenye cheti changu. Lakini nani alizaliwa Juni? Baba hakuwa mtu wa kuchora bure. Na lile swali la ndugu hukulijibu. Ulijibu kila kitu ukaliruka hilo.

Mwanao,
Punje


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya jino, ambalo limeng'olewa. Jirani anakusalimu. Paa halivuji.

Ulitaka muda, na nimekupa mwezi. Sasa sikia. Mwanawe jirani, yule mrefu aliyekuwa anachora mabango, alipeleka karatasi ya benki aliyotengenezewa. Maofisa hawakugombana naye. Walimshukuru, wakamrudishia pasipoti yake pamoja na barua ya mistari minne. Amefungiwa miaka kumi. Mchumba wake alimsubiri mwaka mmoja na nusu kisha akaolewa na mtu mwingine, na yeye aliitazama harusi kwenye simu, amekaa kwenye kibaraza changu. Nilimpa kiti na maji.

Michoro iliyo ndani ya saa ni mambo ya mafundi. Siwezi kuyasemea.

Shangazi yako


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa jino.

Barua ya uongo nimeitoa. Nilikwenda kwa Daktari wa Fomu, nikamkuta anakula mahindi juu ya pasipoti za watu.

"Naomba barua yangu," nikamwambia.

"Ipi? Ya kupandishwa cheo?"

"Najiuzulu."

"Umesimamia watu arobaini bila mshahara, sasa unawaacha yatima?" Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, ukikataliwa usije kulia hapa." Nikamwambia kwamba nitalia kwangu.

Badala yake nimeweka leseni yangu ya biashara, picha ya meza yangu na mshona viatu akiwemo kwa sababu alikataa kutoka, pamoja na barua za wateja sita. Mmoja ni mwalimu mkuu. Ameandika kwamba kengele ya shule yake haijachelewa tangu nianze kuitengeneza saa ya ofisini kwake.

Maombi yamepokelewa ubalozini. Nitahojiwa tarehe 8 Julai. Wameandika kwamba watakipeleka cheti cha kuzaliwa kikathibitishwe kwenye ofisi ya vizazi na vifo, na pia hospitali. Sikuwa na wasiwasi, cheti changu ni cha kweli. Kisha nikakumbuka jambo dogo. Tangu nikiwa mtoto, watu wote walinipongeza tarehe 4 Machi. Wewe hukunipongeza hata mara moja. Nilidhani hupendi sherehe.

Wa Juni ni nani, Shangazi?

Punje


19 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi umepita bila jibu. Nimemuuliza dereva wa basi, anasema kwamba ulionekana sokoni ukigombana na muuza vitunguu, kwa hiyo ninajua kuwa u mzima.

Zimebaki siku kumi na tisa. Ubalozi unataka pia kadi yangu ya kliniki ya utotoni, nami sijawahi kuiona. Daktari wa Fomu amesikia, akaja mwenyewe mpaka chini ya ngazi. Anasema kwamba anaweza kunipatia kadi iliyochakaa vizuri, yenye doa la chai, ikiwa na tarehe yoyote ninayoitaka. Sijamkubalia. Sijamkatalia pia.

Jana Kasuku alimwambia mama yake kwamba nikija nisisahau kuleta miguu, kwa sababu kwenye simu ninakuwa na kichwa tu.

Kama kuna kitu unakijua, nieleze kabla ofisa hajanieleza.

Punje


25 Juni

Mwanangu Punje,

Marahaba. Barua hii ameibeba dereva wa basi mkononi, na nimemwapisha.

Barua yako ya mwisho umeiandika siku yako ya kuzaliwa. Wa Juni ni wewe.

Kaka yangu na mkewe walipata mtoto wa kwanza tarehe 4 Machi. Walimpa jina unalolitumia. Nilimwandikisha mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu bora, na cheti ulicho nacho ni chake. Alikuwa mtoto mkimya mwenye macho makubwa. Aliishi miezi minane. Homa ilimchukua kwa siku mbili, tarehe 14 Novemba.

Hospitali ilileta taarifa ya kifo ofisini kwetu, ikapita masjala, mezani kwangu. Kazi yangu ilikuwa kuipeleka ikaandikwe kwenye daftari. Siku hiyo mama yako alikuja, akasimama dirishani pangu. Hakulia. Alisema, "Wifi, mkiandika, atakuwa amekufa." Niliitoa karatasi ile kwenye faili nikaitia ndani ya mkoba wangu. Nilijiambia kwamba ni kwa wiki moja.

Ulipozaliwa, mama yako alikupa jina lilelile na hakutaka kusikia habari ya cheti kingine. Baba yako alisema, "Cheti si kipo?" Nami, niliyekuwa nikiwafokea watu kwa kukosea tarehe kwenye fomu, nilinyamaza. Uliingia darasa la kwanza hujatimiza hata miaka mitano. Wenzako walikuwa na saba. Walimu walikuita Punje kwa sababu miguu yako haikufika chini ulipokaa kwenye dawati, na nyumbani tukalichukua jina hilo kwa shukrani, kwa kuwa lilikuwa lako peke yako.

Ndiyo maana sikukupongeza Machi. Ile ilikuwa siku ya mwingine.

Nimekufundisha kwa barua mbili kwamba karatasi ya uongo ni hatari, na wakati huohuo nilijua kwamba iliyo hatari zaidi katika faili lako niliitengeneza mimi. Hospitali ina nakala za watoto wote wawili. Ofisa akiuliza, ataambiwa kwamba mwenye cheti hicho alikwisha kufa.

Sasa jambo moja ambalo karani yeyote wa masjala atalielewa, na mtu mwingine atalishangaa. Karatasi zenu sikuzichoma. Ninayo taarifa ya kifo chake na taarifa ya kuzaliwa kwako, ambayo haikuandikishwa, na kadi yako ya kliniki. Zimekaa miaka hii yote katika bahasha moja chini ya nguo zangu. Mtu mwenye akili angezitia moto. Mimi sikujua kuchoma karatasi, nilijua kuitunza. Ziko ndani ya kifurushi hiki, pamoja na kiapo changu mbele ya wakili. Nimetaja jina langu, cheo changu na nilichokifanya.

Usiikubali kadi yenye doa la chai. Yako haina doa.

Uniandikie unapoweza. Usipoweza, nitaelewa.

Shangazi yako


3 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne. Kuna mambo niliyoyaandika katika zile tatu za kwanza ambayo sitayarudia, na karatasi hizo mimi nimezichoma. Sisi wengine tunajua kuchoma.

Nilikwenda tarehe 8. Chumba kilikuwa kidogo, kina dirisha la kioo na tundu la kupitishia karatasi. Ofisa alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba.

"Ndugu wa mama mmoja?" akauliza.

"Mmoja. Amefariki."

"Hapa umeandika hakuna."

"Nilipoandika nilikuwa sijui."

Nikampitishia bahasha yako. Alisoma kiapo chako mara mbili, kisha akavua miwani.

"Karatasi hizi zilikuwa wapi muda wote huu?"

"Chini ya nguo za shangazi yangu."

"Na cheti hiki ulichokileta si chako."

"Si changu. Ndiyo maana nimekuja kulisema mwenyewe."

Akaniambia kwamba hawezi kuendelea na maombi yale, kwa sababu mwombaji aliyemo hayuko duniani. Aliniruhusu niyaondoe kwa hiari yangu na nirudi nikiwa na cheti changu. Nilipokuwa nanyanyuka akasema, "Nakala ya cheti tulikwisha kuipeleka hospitali. Majibu yanatarajiwa wiki ijayo. Yangefika kabla yako, neno ambalo ningeliandika hapa lingekuwa lingine." Nikamwambia kwamba ninalijua neno hilo. Nilikuwa nimelisoma katika barua zako.

Daktari wa Fomu amesikia. Anawaambia watu, "Yule fundi alienda kumzika marehemu dirishani pa ubalozi, akarudi amepungua miaka miwili." Kwa hilo hakukosea. Miaka yote nilidhani kwamba mimi ni mfupi. Kumbe nilikuwa mtoto.

Nimemwambia Mama Kasuku kila kitu. Aliuliza, "Kwa hiyo nimekuzidi mwaka?" Anataka nimwamkie.

Alikuwa anachekaje, mtoto yule? Alikuwa na meno? Baba na mama hawapo tena, sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Punje


10 Septemba

Mwanangu Punje,

Marahaba. Jibu: alikuwa na meno mawili ya chini. Hakucheka kwa urahisi, lakini alimcheka baba yako alipopiga chafya.

Nilikwenda ofisini mwenyewe. Nimesimama kwenye foleni ya dirisha ambalo zamani nilikaa nyuma yake, na kioo hakijabadilishwa. Kijana aliyepokea karatasi aliniuliza kwa nini sikumpa mtu mwingine anisemee. Nikamwambia kwamba kosa lenye mwandiko wangu sitalituma kwa mkono wa mwingine. Akanipa kiti. Kisha akauliza, "Bibi, kwa nini hukuzichoma tu?" Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa karani wa masjala, si wa jikoni.

Kifo cha kaka yako kimeandikwa. Kuzaliwa kwako kumeandikwa. Cheti chako kimo humu ndani. Jina mmegawana, na wakili ameeleza kwa maandishi. Wamekosea herufi moja katika jina la hospitali. Nimewarudishia wakaandika upya, ndiyo maana nimechelewa wiki tatu.

Mambo yangu na ofisi ni yangu. Usiyaulize.

Shangazi yako


4 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Viza imetoka. Ninaondoka Jumamosi. Nimeitazama pasipoti kwa lenzi ya kazini, kwa kuwa sikuyaamini macho matupu: muhuri ni mmoja, tena umepinda.

Ofisa alikuwa yule yule mama. Aliuliza maswali mawili tu, la pili likiwa ni kama naweza kumtazamia saa yake, inachelewa. Nikamwambia kwamba mpaka amalize faili langu sitaigusa. Alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Pale kwenye swali la ndugu niliandika: "Mmoja. Aliishi miezi minane." Nafasi ilikuwa ndogo, lakini ilitosha.

Meza nimemwachia mshona viatu. Fundi wako wa paa alipita hapa, akaniambia kwamba kila Jumatatu unakwenda kutia saini kwenye kituo cha polisi, na kwamba unakwenda kwa miguu. Sikumuuliza zaidi. Ulisema nisiulize. Lakini ujue kwamba nimejua.

Saa ya baba inarudi kwa basi. Ilikuwa na springi iliyochoka, nimeibadilisha. Nimechora ndani kama inavyotakiwa.

Mwanao,
Punje


29 Novemba

Mwanangu Punje,

Natumaini umefika salama, na kwamba umevaa soksi. Salimia wote wa nyumba hiyo mmoja mmoja, kwa kufuata umri, mkeo aanze.

Saa imefika. Nimeifungua mwenyewe kwa ncha ya kisu, na najua ungekasirika kuniona. Nimeziona tarehe mbili za kaka yangu. Pembeni ya ile ya Machi nimeona ulivyoichora 14 Novemba, tarehe ambayo yeye alishindwa kuichora, akapitisha mstari tu. Chini yake nimeiona alama yako. Sikujua kwamba alama yako ni punje. Nimekaa nayo mezani mpaka chai ikapoa.

Sasa iko ukutani na inatembea. Jumatatu huniamsha mapema.

Machi nitakwenda kaburini kwa yule mtoto. Halikuwekwa jina kamwe, na fundi wa paa anasema kwamba anajua kuchonga jiwe. Nitasimama chini ya mkono wake mpaka amalize. Juni nitakuandikia pongezi, na zitakuwa ndefu, kwa sababu zimechelewa.

Swali moja tu, na hili usiliruke. Kasuku alisema nini alipoona kwamba umekuja na miguu?

Shangazi yako